Neno "Ukumbusho" katika Meza ya Bwana

Katika mafundisho ya wakatekumeni, mwalimu afikapo kwenye sura ya Ushirika Mtakatifu, mara nyingi hulieleza jambo lile kwa maneno machache: mkate na divai ni ukumbusho tu wa kifo cha Bwana wetu. Maneno hayo yana nia njema. Yataka kumlinda mwanafunzi asidhani ya kuwa mkate ule ni hirizi, wala kikombe kile ni dawa ya mganga. Walakini twaona ya kwamba, katika kulikimbia kosa moja, mafundisho hayo yameliangukia jingine, nalo limejificha katika neno dogo la mwisho, yaani "tu." Mtu aliyefundishwa ya kuwa Meza ya Bwana ni ukumbusho tu hukaa nyumbani siku ya mvua, akasema moyoni, "Bwana namkumbuka hata hapa kitandani." Nasi hatuwezi kumlaumu sana, maana amefuata alilofundishwa.

Katika makala hii twataka kulipima neno "ukumbusho" lenyewe: kwanza kwa sarufi ya Kiswahili, kisha kwa Maandiko, kisha kwa desturi za watu wetu na kwa mambo yaliyotokea katika Kanisa. Hatukusudii kuamua ugomvi wa madhehebu juu ya namna Bwana alivyo katika mkate na divai. Twauliza neno moja tu: je, ukumbusho ni jambo dogo?

I. Neno katika Kiswahili

Kila mwalimu wa sarufi ajua ya kuwa vitenzi vyetu vingi huenda viwili viwili. Taa yawaka, mtu huiwasha. Mtoto aamka, mama humwamsha. Embe laanguka, upepo huliangusha. Vivyo hivyo mtu akumbuka, mwingine humkumbusha. Katika kila jozi, kitenzi cha kwanza chaeleza lile limpatalo mtu au kitu, na cha pili chaeleza kazi ya yule aliyelileta.

Sasa, jina letu limetoka katika kitenzi kipi? Kama wafasiri wangalitaka kutaja kazi ya akili ya mtu akumbukaye, wangaliweza kusema "ukumbuko," au "kumbukumbu." Lakini Biblia ya Tafsiri ya Umoja, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na kitabu kizima mwaka 1952, ina neno "ukumbusho," nalo latoka katika "kumbusha," kama vile "upatanisho" utokavyo katika "patanisha," na "onyesho" katika "onyesha." Tofauti hii si ya mchezo. Twaijua pia katika maneno "ufufuo" na "ufufuko," ambayo yote mawili husikika makanisani: la kwanza lamtazama yule afufuaye, la pili lamtazama yule afufukaye.

Basi ukumbusho, kwa sarufi yake, si kazi ya kichwa cha Mkristo. Ni kitu au tendo limkumbushalo mtu. Yuko akumbushaye, na yuko akumbushwaye. Tukija mezani hatuji kama taa zijiwashazo zenyewe, twaja kuwashwa. Hapo twaona mara moja upungufu wa mtu yule wa kitandani. Yamkini amekumbuka, lakini hakukumbushwa. Na mtu akumbukaye peke yake huchagua la kukumbuka. Huyachukua yampendezayo, mengine huyaacha. Akumbushwaye hana hiari hiyo. Ni nani asiyejua tofauti iliyopo kati ya kulikumbuka deni na kukumbushwa deni?

Tena liko jambo la pili katika matumizi ya neno hili. Mswahili asemapo, "Ndugu yangu amenikumbuka," mara nyingi hana maana ya kuwa ndugu yake ameketi akamwaza. Ana maana ya kuwa amempelekea kitu: nguo, au fedha, au kibaba cha mchele. Kumkumbuka mtu ni kumtendea. Yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana, alipoomba akumbukwe, hakuomba kuwekwa katika mawazo, aliomba kuokolewa. Msikilizaji wa Kiswahili alielewa ombi lile pasipo ufafanuzi.

Jambo la tatu ni hili. Iko mikumbusho ambayo husimama hata ikiwa hakuna aitazamaye. Katika mji wa Dar es Salaam iko sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika vita vya mwaka 1914 hata 1918. Sanamu ile hukaa usiku na mchana. Wenye haraka hupita wasiinue macho, nayo haikosi kuwapo. Ukumbusho wa Bwana si wa namna hiyo. Hakuacha jiwe wala shaba, wala hakuandika kitabu kwa mkono wake. Aliacha jambo la kutenda, tena la kutendwa na wengi pamoja. Lisipotendwa, haliko.

II. Neno katika Maandiko

Neno la Kiyunani lililofasiriwa "ukumbusho" ni anamnesi. Katika Agano Jipya laonekana mara nne tu: mara moja katika Luka 22, mara mbili katika 1 Wakorintho 11, na mara moja katika Waebrania 10. Mathayo na Marko waliieleza karamu ile pasipo kuitaja amri ya ukumbusho. Yohana hakuueleza mkate wala kikombe usiku ule. Mahali pake aliweka habari ya Bwana kuwaosha wanafunzi miguu. Habari hiyo ya miguu na tuishike, maana tutaihitaji.

Nyuma ya neno la Kiyunani liko neno la Kiebrania, zikaroni, ambalo katika Kutoka 12 lataja siku ya Pasaka. Humo ukumbusho si kazi ya kichwa. Ni kuchinja, na kuoka mkate usiotiwa chachu, na kula kwa haraka, na mtoto kumwuliza baba yake maana ya mambo hayo. Mishna, kitabu cha mapokeo ya Wayahudi kilichokusanywa karibu na mwaka 200, chafundisha ya kwamba katika kila kizazi imempasa mtu kujihesabu kuwa yeye mwenyewe alitoka Misri. Baba zake walitoka, naye alitoka ndani yao.

Twaomba wenzetu waalimu waisome kwa jicho la sarufi sura ya 26 ya Kumbukumbu la Torati. Humo mkulima aleta kikapu cha malimbuko, naye aamriwa kusimulia habari za baba yake. Aanza kwa nafsi ya tatu: baba yangu alikuwa hivi, alishuka Misri, alikaa huko ugenini. Mara, afikapo kwenye mateso, habari yageuka: Wamisri walitutenda vibaya, tulilia, Bwana alitusikia. Mkulima huyo hakuiona Misri hata siku moja. Walakini kiambishi chake kimegeuka, kutoka "a" kikawa "tu." Hapo ndipo ukumbusho ulipofanya kazi yake. Basi kama wataka "tu" katika fundisho la Ushirika, iko hii ya mwanzo wa kitenzi. Ile ya mwisho wa sentensi na iondoke. Wala sura haiishii katika usimulizi. Mara baada yake Mlawi na mgeni waitwa kuifurahia neema ile pamoja na mwenye shamba, na yatima na mjane wawekewa sehemu yao.

Katika Maandiko, tena, Mungu mwenyewe hukumbuka. Alimkumbuka Nuhu, na maji yakapungua. Alimkumbuka Raheli, na Hana pia, nao wakazaa. Katika Hesabu 10 tarumbeta zapigwa ziwe ukumbusho kwa Israeli mbele za Mungu wao. Kwa sababu hiyo mtaalamu Joachim Jeremias, katika kitabu chake juu ya maneno ya Bwana katika karamu, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1935, alisema ya kwamba amri ile maana yake ni kumwomba Mungu amkumbuke Masihi wake na kuutimiza ufalme. Wataalamu wengine walimpinga, nasi twaona ya kuwa alilivuta neno upande mmoja mno, maana Paulo, mara baada ya kuitaja amri, asema habari ya kuitangaza mauti ya Bwana mbele ya watu. Lakini alitufaa kwa hili, kwamba ukumbusho katika Biblia haukai ndani ya fikira za mtu mmoja. Hutendwa mbele za Mungu na mbele ya wanadamu.

III. Neno katika desturi

Hapa mwalimu aweza kutushika, akasema: "Mkiukuza ukumbusho namna hiyo, watu wetu watadhani ni tambiko." Ni swali zito, wala si la kupuuzwa. Katika nchi nyingi za bara wazee walimwaga pombe au unga chini, wakawataja wafu kwa majina. Pwani, jamaa wa Kiislamu huisoma hitima, kisha hula pamoja. Mkristo mpya, aonapo meza, na chakula, na jina la mtu aliyekufa likitajwa, atafananisha, nani asiyefananisha?

Walakini twasema ya kuwa hatari hiyo haiondolewi na "tu"; huongezwa nayo. Kasisi John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Waafrika kilichotoka mwaka 1969, aliyatumia maneno mawili ya Kiswahili, "sasa" na "zamani," kueleza hali ya wafu. Kwa maelezo yake, mtu aliyekufa huhesabiwa kuwa angali karibu maadamu wako hai watu waliomjua na kumtaja kwa jina. Hao wakiisha kufa, baada ya vizazi vinne au vitano, yeye naye huzama katika zamani. Wengine wameubisha mpango huo wa Mbiti kwa kuwa wayakusanya makabila mengi chini ya kanuni moja, na huenda wana haki. Lakini kwa swali letu mfano wake wafaa sana. Mfu hutegemea kumbukumbu za walio hai.

Sasa na tutazame. Ikiwa Ushirika ni sisi tu tumkumbukao Yesu, tumemweka katika kundi hilo: mfu mwema, ahifadhiwaye na vichwa vyetu, ambaye tukimsahau atazama. Hilo ndilo tambiko kwa kweli, ijapokuwa halina pombe. Bali Kanisa likiri neno jingine, ya kwamba aliyekufa yu hai, naye ndiye mwenye karamu. Hatumwekei yeye chakula. Yeye atuwekea sisi. Hatumwiti kwa jina asije akapotea. Yeye atuita kwa majina tusipotee. Tambiko na Meza ya Bwana zafanana kwa sura. Njia ya kutoa na kupokea ndiyo iliyogeuzwa. Mwalimu akilieleza hili waziwazi, hatakuwa na haja ya kuudhoofisha ukumbusho ili amlinde mwanafunzi wake.

IV. Neno katika Kanisa

Habari iliyo ya kwanza kuandikwa juu ya karamu ya Bwana si ya Injili. Ni ya Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, ulioandikwa karibu na mwaka 54 au 55. Twaipata habari hiyo kwa sababu gani? Kwa sababu ya ugomvi wa chakula. Huko Korintho wenye nyumba na mali walitangulia kula. Maskini walipofika walikuta sahani tupu. Huyu ana njaa, yule amelewa. Paulo hakuwaambia ya kuwa hawakumwaza Bwana vya kutosha. Aliwaambia ya kuwa walichokula hakikuwa karamu ya Bwana kabisa, maana walilidharau Kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Ndipo alipoyataja maneno ya usiku ule. Na dawa aliyowapa mwishoni ni nyepesi hata yachekesha: mngojane.

Hapa ndipo fundisho la "ukumbusho tu" livunjikapo kabisa. Tajiri wa Korintho aliweza kukumbuka kwa moyo wake wote, machozi yakimtoka, hali tumbo limejaa na ndugu yake ana njaa pembeni. Kwa Paulo hakukumbuka neno lolote. Tena hapo ndipo tuikumbuke ile habari ya Yohana: mahali ambapo wengine waliandika mkate, yeye aliandika beseni na taulo.

Kanisa la kale lilielewa. Justino Shahidi, aliyeandika huko Roma karibu na mwaka 155, alieleza mkutano wa Jumapili. Zilisomwa kumbukumbu za mitume, ndivyo alivyoziita Injili, kiongozi alihubiri, waliomba, mkate, na divai iliyotiwa maji, vililetwa na kushukuriwa, vikagawiwa, na mashemasi waliwapelekea wasiokuwapo. Kisha wenye uwezo walitoa sadaka, na sadaka hiyo iliwafaa yatima, na wajane, na wagonjwa, na wafungwa, na wageni. Justino aliyapanga hayo yote katika ibada moja, wala hakukata mstari kati ya altare na sanduku la maskini.

Baadaye watu waligombana juu ya meza ile. Mwaka 1529 Luther na Zwingli walikutana Marburg. Walipatana katika makala kumi na nne kati ya kumi na tano, wakaachana katika sehemu ya mwisho, iliyohusu karamu. Mara nyingi Zwingli hutajwa kuwa baba wa "ukumbusho tu." Twaona si haki kumtwika yeye mzigo wote, maana kwake ukumbusho ulikuwa pia kiapo cha mkutano mzima, watu wakijifunga kwa Bwana na wao kwa wao. "Tu" kavu ya mafundisho yetu ni nyembamba kuliko Zwingli mwenyewe. Na mwaka 1982, waraka wa Lima juu ya Ubatizo, Ekaristi na Huduma, ambao wataalamu wa makanisa mengi waliutunga pamoja, ulilichukua neno anamnesi na kusema ya kwamba ni zaidi ya kukirudisha akilini kitu kilichopita.

Afrika ya Mashariki nayo ina sura yake. Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa madhehebu kadhaa walikutana Kikuyu, katika misioni ya Kanisa la Skotlandi, kushauriana juu ya muungano. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi na mafarakano, na jibu la Askofu Mkuu Davidson lilitoka mwaka 1915. Meza iliyowekwa ili kukusanya ikawa neno la mashtaka.

Ingekuwa rahisi kumwacha Weston hapo, kama mtu mkali wa sheria. Lakini haki yataka tuendelee. Mwaka 1920 mtu huyohuyo alitoa kijitabu kikali cha kuipinga kazi ya kulazimishwa waliyotwikwa Waafrika katika nchi hizi. Na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkuu huko London wa watu walioipenda sana heshima ya altare, aliwaambia ya kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu katika Sakramenti ikiwa hawamhurumii katika watu wa vibanda vya umaskini. Watoke wakamtafute huko. Alikufa mwaka uliofuata. Twaweza kukataa aliyoyasema juu ya Kikuyu na kuyapokea haya, maana ndiyo fundisho la Korintho.

Na kanisa lake kuu, la Mkunazini, lenyewe ni ufafanuzi wa neno letu. Edward Steere alilijenga mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na mapokeo ya mahali yasema ya kuwa altare imewekwa pale palipokuwa na mti wa kupigia watumwa mijeledi. Apigaye magoti hapo ili amkumbuke Mmoja aliyepigwa mijeledi, mahali penyewe pamkumbusha wengi. Hawezi kuchagua. Ndivyo ulivyo ukumbusho.

V. Shauri letu

Kwa hiyo twawaomba waalimu na makasisi mambo matatu. Kwanza, neno "tu" liondolewe katika fundisho hili. Asiyetaka kusema zaidi ya "ukumbusho" na aseme "ukumbusho," akome hapo. Neno lenyewe lina nguvu ya kutosha likiachiwa uzito wake.

Pili, mkatekumeni afundishwe tofauti ya kukumbuka na kukumbushwa, kwa mifano ya sarufi ajuayo tangu utoto. Taa na moto vitamfaa kuliko maneno marefu ya Kiyunani.

Tatu, na hili ndilo gumu, kila mkutano ujiulize kabla ya Ushirika swali la Korintho: nani hayupo, na kwa nini? Wako waliozuiwa na ugonjwa. Hao wapelekewe, kama Justino alivyoeleza. Lakini katika makanisa mengi wako pia wasiokuja kwa sababu hawana nguo ya kuvaa mbele ya wenzao, na wajane wasio na sadaka ya kutia mkononi mwa mkusanyaji, ambao huona haya jina lao likisomwa. Watu hao hawakumsahau Bwana. Sisi ndio tuliowasahau wao, kisha tukaketi mezani tukasema twamkumbuka yeye. Paulo angalituambia ya kuwa hatukula karamu ya Bwana. Neno alilowaandikia Wakorintho kwa ajili ya jambo hili halijapata kufutwa: na tungojane.